Panya wa Katanga katika Kidonge cha Bwiza

Ukitaka kujua panya wa Bwiza hula nini, fungua stoo yako mwenyewe. Unga wa muhogo, mchele wa Imbo, maharage, ndagala wakavu, mkate uliobaki, na sabuni ikibidi. Mtaa huu wa Bujumbura uliobanwa kati ya Buyenzi, Nyakabiga na Rohero, ambao enzi za Wabelgiji uliitwa Belge, una avenyu zilizonyooka zenye namba. Nyuma ya kila lango, unyoofu huo unaishia hapo. Kiwanja kimoja hubeba familia nne, tano, hata zaidi: mwenye nyumba mbele, wapangaji katika vyumba vya uani, majiko nje, choo kimoja, na mtaro unaopitisha maji ya kufulia na maganda ya ndizi. Redio zikizimwa, panya anaanza zamu yake juu ya dari. Asubuhi mfuko wa unga una tundu, na mama mwenye mfuko anamtuma mtoto akanunue sumu.

Mama huyo huyo, mvua zikikolea, atamtuma mtoto mwingine farmasi kununua dawa ya malaria. Atatoka na kipaketi cha dawa mseto yenye artemisinini. Safari zote mbili zinamhusu panya, ingawa ya pili haijulikani kwa wengi. Dawa ile isingefika Bwiza kwa njia iliyofika nayo kama si panya mmoja wa porini aliyenaswa Katanga mwaka 1948.

Kisa chenyewe kilianza miaka michache kabla ya hapo. Ignace Vincke, daktari Mbelgiji, alikuwa akipambana na malaria karibu na Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Katika misitu myembamba inayofuata mito ya nyanda za juu za huko, alikamata mbu wa aina ya Anopheles dureni, akawapasua, akakuta vimelea vya malaria katika tezi zao za mate. Kwa daktari wa malaria hilo si ajabu. Ajabu ilikuwa kwamba mbu hao hawakuwa na desturi ya kufuata watu. Damu iliyokuwa matumboni mwao ilikuwa ya wanyama wagugunaji, jamii ya panya.

Mnyama gani hasa? Jibu lilipatikana kando ya mto Kisanga. Alikuwa panya wa vichakani mwenye mkia mrefu, ambaye hupenda zaidi matawi kuliko ardhi. Katika damu yake Vincke na mwenzake Marcel Lips walikuta kimelea kisichokuwa na jina, wakakiita Plasmodium berghei kwa heshima ya Louis van den Berghe, profesa wa elimu ya vimelea kutoka Ubelgiji. Warundi wenye umri mkubwa huenda wanaijua taasisi ambayo profesa huyo aliiongoza: IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947, makao yake Lwiro karibu na Bukavu, na kituo chake kingine Uvira, mji tunaouona ng'ambo ya ziwa siku za anga safi tukiwa ufukweni Bujumbura. Kwa hiyo profesa alipata jina kwenye vitabu, na taasisi ikapata majengo mazuri ambayo bado yamesimama. Panya wa Kisanga alipata kupasuliwa.

Ili kuelewa kwa nini maabara za dunia zilikigombania kimelea hicho, lazima tukumbuke waliotangulia kutumika. Malaria ya binadamu haikubali kuishi ndani ya panya wa kawaida wa maabara. Watafiti walikuwa wakitumia ndege wenye malaria ya ndege, au nyani, au watu. Katika gereza la Stateville, jimbo la Illinois, Marekani, wafungwa waliambukizwa malaria kwa makusudi katika miaka ya 1940 ili dawa mpya zijaribiwe juu yao. Walitia saini, ndiyo. Lakini saini ya mtu aliye nyuma ya nondo ina uzito gani? Kimelea cha Katanga kilikubali kuishi ndani ya panya weupe wadogo, wale wanaozaana haraka na kukaa kumi ndani ya kisanduku kimoja, na wala hakimdhuru binadamu. Tangu hapo dawa iliweza kuonyesha nguvu yake ndani ya panya kabla ya kumfikia mfungwa, au mtoto wa Kiafrika.

Mambo hayakunyooka mara moja. Kwa miaka mingi watafiti wa Ulaya na Marekani waliweza kuhamisha kimelea kutoka panya hadi panya kwa sindano, lakini kila walipotaka kukipitisha kwa mbu, kilikataa. Walikuwa wakiwaweka mbu wao kwenye joto walilolizoea, nyuzi 26 au 27, wakidhani Afrika yote ni tanuri. Ni Meir Yoeli wa New York, miaka ya 1960, aliyerudi kwenye swali ambalo lingekuwa la kwanza kwa mkazi yeyote wa Katanga: huko msituni anakotoka panya huyu, kuna joto au kuna baridi? Kuna baridi. Nyanda za juu zile haziko chini kama Bujumbura. Mbu walipowekwa kwenye nyuzi 19 hadi 21 kimelea kilikomaa bila matatizo. Kipimajoto kilimaliza ubishi ambao miaka ya majaribio haikuweza kuumaliza.

Sasa tuhamie China. Mwaka 1967 serikali ya huko ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukaitwa 523 kwa sababu ulizinduliwa tarehe 23 Mei. Tu Youyou, mtaalamu wa dawa za asili mjini Beijing, alipitia mapishi ya kale na kujaribu mimea mingi juu ya panya wenye berghei. Mmea uitwao qinghao ulileta matumaini, kisha ukaangusha, kisha ukaleta tena. Akabadilisha namna ya kuukamua, akaacha kuuchemsha na kutumia etha yenye moto mdogo. Tarehe 4 Oktoba 1971 kamuo namba 191 lilifuta vimelea vyote ndani ya panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walilimeza wenyewe kwanza, kabla ya kuwapa wagonjwa. Kutoka hapo ikazaliwa artemisinini, na mwaka 2015 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel.

Burundi iliihitaji dawa hiyo kuliko nchi nyingi. Wengi tunakumbuka mlipuko wa mwaka 2000 na 2001, malaria ilipopanda milimani hadi Kayanza, Ngozi na Karuzi, kwa watu ambao miili yao haikuuzoea ugonjwa huo. Klorokwini, dawa chungu iliyotulea sisi sote, ilikuwa imechoka, vimelea viliizoea. Mwaka 2003 nchi ikaingia katika dawa mseto zenye artemisinini. Tangu wakati huo kila kipaketi kinachouzwa Bwiza kina nyuma yake China, Katanga na vizazi vya panya weupe visivyohesabika.

Chanjo nayo imepita njia hiyo. Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig, akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha New York alikokuwa Yoeli, alidhoofisha kwa miale ya eksirei vimelea vya berghei vilivyotoka kwa mbu, akawadunga panya. Panya hao walipoambukizwa baadaye, walikingwa. Wazo la kwamba mwili unaweza kufundishwa kukikamata kimelea kabla hakijafika kwenye ini lilipata mguu wa kusimamia. Ilichukua miaka zaidi ya 50 hadi Shirika la Afya Duniani kupendekeza chanjo ya kwanza, RTS,S, tarehe 6 Oktoba 2021, baada ya majaribio makubwa Kenya, Malawi na Ghana.

Miaka 50 ni mingi, na panya ni sehemu ya sababu. Katikati hapo zilipita chanjo nyingi zilizokinga panya kwa furaha na kumwacha binadamu alivyo. Panya huyu wa maabara hakuwahi kuumwa malaria hiyo porini, maana kimelea ni cha binamu yake wa Katanga. Anapougua, haugui kama mtoto wa mtaa wa Kinama. Msomaji akisikia redioni kwamba dawa mpya ya saratani au ya kisukari imeponya panya, afurahi kidogo na aendelee na shughuli zake. Kazi ya panya ni kutuonyesha njia zipi hazifai kabisa, ili tusizipitishe juu ya watu. Mwaka 1940 huko Oxford panya 8 walidungwa vijidudu vya hatari. 4 wakapewa penisilini, 4 wakaachwa. Wale 4 walioachwa walikufa kabla ya kupambazuka. Sijui kama kuna njia nyingine iliyokuwapo usiku ule ya kupata jibu hilo, na sioni aibu kulipokea. Lakini tangu mwaka 1959, Waingereza wawili, Russell na Burch, walipoandika kwamba mtafiti lazima atafute kwanza njia isiyohitaji mnyama, kisha atumie wachache iwezekanavyo, kisha awapunguzie maumivu, hakuna maabara yenye haki ya kuua panya kwa mazoea tu. Warusi wa Novosibirsk wamekwenda mbali zaidi: mwaka 2013 walimjengea panya wa maabara sanamu, amevaa miwani, anafuma uzi wa vinasaba kwa sindano. Sisi wenye malaria hatujamjengea hata kibanda.

Upande mwingine wa habari hii ni panya kama mshtakiwa. Tarehe 25 Julai 2024 Burundi ilitangaza wagonjwa wa kwanza wa mpox, na Bujumbura ikawa kitovu chake. Katika wiki chache nchi ilikuwa ya pili baada ya Kongo kwa wagonjwa waliothibitishwa. Mazungumzo ya barazani yaligeukia nyani, kwa sababu ya jina la zamani la ugonjwa huo, kisha panya na nyama ya porini. Mashaka hayo yana msingi. Virusi vilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwa nyani wa maabara mjini Copenhagen mwaka 1958, lakini nyani ni mwathiriwa kama sisi. Wanaoshukiwa kuvihifadhi msituni ni wanyama wagugunaji, na mwaka 1985 vilipatikana kwa kuchakuro mgonjwa huko Zaire. Mwaka 2003 Wamarekani 47 waliugua, au walidhaniwa kuugua, kwa sababu ya shehena ya panya buku na wenzake iliyotoka Ghana kwenda kwa wauza wanyama wa kufuga.

Lakini mpox iliyofika kwetu ilikuwa na historia yake. Aina hiyo ilianza kuonekana Kamituga, mji wa migodi ya dhahabu Kivu Kusini, Septemba 2023. Wanasayansi waliposoma vinasaba vya virusi vile walikuta alama za virusi vinavyopita kutoka mtu hadi mtu. Kutoka Kamituga hadi Bukavu, Bukavu hadi Uvira, Uvira hadi kwetu, vilisafiri katika miili ya watu, kwa kugusana, hasa kwa kujamiiana. Panya wa Bwiza hakuwa na tiketi katika safari hiyo. Aliyetumia fedha zake kuteketeza panya ili kujikinga na mpox alimwacha mlango wazi mgeni aliyebisha hodi kwa mkono.

Si mara ya kwanza panya kutumika kama kisingizio. Nairobi, mwaka 1902, tauni ilipoingia kwenye Bazaar ya Wahindi, wakubwa wa mji waliichoma moto. Mtafiti Paul-Louis Simond alikuwa ameshaonyesha huko Karachi, mwaka 1898, kwamba tauni huletwa na viroboto wa panya. Viroboto hawachagui rangi. Hata hivyo hofu ya panya ilitumika kwa miaka mingi katika miji ya Afrika Mashariki kuwatenga Waafrika na Wahindi mbali na Wazungu, badala ya kuwajengea mifereji. Na panya mweusi wa nyumbani, anayetusumbua darini, si mwenyeji wa hapa: mifupa yake inaonekana katika mabaki ya kale ya pwani, kama yale ya Unguja Ukuu, tangu karne ya 7 au ya 8, akiwa ameletwa na vyombo vya Bahari ya Hindi. Nadhani alifika kwetu kwa njia za misafara zilizokileta Kiswahili, akamalizia kwa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 na meli za ziwa. Ndiyo maana namheshimu kidogo. Ni Mswahili mwenzangu.

Hatari zake za kweli zipo. Mwaka 2022, Ruangwa mkoani Lindi, Tanzania, watu walianza kutokwa damu puani na kufa, na uchunguzi ukaonyesha leptospirosisi, ambayo Watanzania waliipa jina la homa ya mgunda. Vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa wanyama, panya wakiwa mbele, na hupenda maji yaliyotuama. Mtaro wa Bwiza baada ya mvua ya Aprili ni wa kuogopwa kwa sababu hiyo, hasa na mtoto anayecheza pekupeku.

Kuhusu kula wagugunaji, niseme kifupi, maana wasomaji wa dini mbalimbali wana maoni yao. Kivu Kusini familia nyingi hufuga simbilisi, ambao wengine huwaita dende, jikoni chini ya meza. Mnyama huyo, aliyefugwa kwanza na watu wa milima ya Andes, hahitaji zizi wala ng'ombe wa kuuza, hula maganda na majani, na katika miaka ya vita alikuwa na sifa moja ambayo mbuzi hana: askari wakija kupora, unaweza kumficha. Robert Koch alimtumia kuthibitisha chanzo cha kifua kikuu mwaka 1882. Wanawake na watoto wa Kivu humtumia kulipia daftari.

Mahali panaponivutia zaidi katika habari hii yote ni Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine. Huko kuna watu ambao kazi yao ni kumjua panya, pande zote mbili. Upande wa shamba wamefuatilia kwa miongo kadhaa panya shamba, mwenye chuchu hadi 24 na wana wapatao 11 kwa mzao mmoja, ambaye hukadiriwa kula hadi asilimia 15 ya mahindi ya Tanzania. Herwig Leirs wa Antwerp na Rhodes Makundi wa Morogoro, pamoja na wenzao, walionyesha kwamba milipuko ya panya huyu inafuata mvua: vuli ikinyesha kwa wingi kabla ya wakati wake, majike huzaa mapema, na watoto wao huzaa kabla ya mwaka kuisha. Anayesoma mvua ya Novemba anaweza kumwonya mkulima kabla shamba halijaliwa. Wakulima wa mpunga wa Imbo wangefaidika sana na ujuzi huo.

Upande wa pili ni APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa. Bart Weetjens, Mbelgiji aliyefuga panya tangu utotoni, alisoma kwamba wagugunaji waliwahi kufundishwa kunusa baruti, akajiuliza kwa nini isiwe hivyo kwa mabomu ya ardhini. Profesa Ron Verhagen alimpendekezea panya buku wa Afrika: anaishi hadi miaka 8, ana pua ya ajabu, na uzito wake wa kilo moja na kitu hautoshi kulipua bomu. Mradi ulianza mwaka 1997 na kuhamia Morogoro mwaka 2000. Mtoto wa panya hupelekwa kuzoea watu akiwa na wiki chache tu, kisha hufundishwa kwamba sauti ya kubofya ina maana ya ndizi au karanga. Miezi tisa baadaye anakwenda kazini. Eneo la ukubwa wa kiwanja cha tenisi humchukua nusu saa; mtu mwenye kifaa cha kugundua chuma anaweza kutumia siku nne, kwa sababu kila kizibo cha soda kinamsimamisha. Mwaka 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa haina tena mabomu ya ardhini, na panya hao walikuwa na sehemu yao. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia. Aligundua mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine zisizolipuka kadhaa, akapewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020, akafa Januari 2022.

Huko huko Morogoro panya wengine hunusa makohozi ya wagonjwa yaliyokwishapitiwa na hospitali. Sampuli 100 kwa dakika 20, na mara kwa mara wanaelekeza kwenye kifua kikuu kilichopita mbele ya hadubini bila kuonekana. Majibu huthibitishwa na binadamu, lakini mgonjwa aliyeambiwa hana kitu anaitwa tena na kupewa dawa.

Sasa turudi kwenye mfuko wa unga. Ujuzi wa Morogoro una matumizi ya bei nafuu kwetu. Kwanza, panya huogopa kitu kipya: mtego unaowekwa leo na kutarajiwa kesho ni kazi bure, na sumu inayonunuliwa kwa hasira huishia kwa paka wa jirani au, Mungu atuepushe, kwa mtoto. Pili, panya mmoja akifa katika chumba cha uani, nafasi yake inajazwa na wa chumba cha pili, kwa kuwa dari ni moja na mtaro ni mmoja. Mpangaji anayetega peke yake anawasafishia njia panya wa jirani. Kwa hiyo wanaopanga kiwanja kimoja wakubaliane: unga na maharage viingie kwenye ndoo zenye mifuniko, taka zitolewe kabla ya magharibi, matundu ya dari yazibwe kwa bati. Mitego iwekwe vyumba vyote, ikiwa na ndagala lakini bila kufyatuka, siku tatu au nne, hadi panya wazoee kula hapo. Kisha itegwe yote usiku mmoja, na asubuhi inayofuata watu wavae glavu au mifuko ya plastiki mikononi wanapokusanya mizoga, kwa sababu viroboto bado wako hai.